The Boxcar Children: ndugu wanne na behewa lao

Sijakutana na kitabu kingine cha watoto kinachofanya kazi ya kuosha vyombo itamanike namna hii. Mwandishi ni Gertrude Chandler Warner, aliyekuwa mwalimu wa watoto wadogo huko Connecticut, Marekani. Hadithi ilitoka kwanza mwaka 1924. Mimi nazungumzia ile aliyoiandika upya mwaka 1942, kwa maneno mepesi na sentensi fupifupi ili watoto wa shule waisome wenyewe. Mtoto wa darasa la sita ambaye Kiingereza chake bado kinachechemea anakwenda nayo vizuri tu. Nimeliona hilo kwa watoto wa kaka yangu, likizo ya mwezi wa sita, hapa barazani kwetu Ngamiani, mjini Tanga.

Henry, Jessie, Violet na Benny wamefiwa na wazazi. Babu yao yupo, ila hawajamwona hata siku moja. Wanachojua ni kwamba hakumpenda mama yao, basi wanamkimbia. Wanajihifadhi kwa muoka mikate, na usiku wanamsikia mkewe akisema wale wakubwa watabaki wamsaidie kazi, Benny apelekwe kwenye kituo cha watoto. Wanatoroka usiku uleule. Baadaye mvua inawafumania msituni, wanajibanza ndani ya behewa kuukuu la mizigo, na hapo ndipo panapokuwa kwao.

Behewa sikulazimika kulieleza. Hapa Tanga reli ilianza kujengwa 1893, enzi za Wajerumani, na watoto wa mji huu wanalijua behewa la mizigo lilivyo.

Utamu wenyewe ni pale wanapoanza kujipangia nyumba. Maziwa wanayaweka nyuma ya maporomoko madogo ya kijito yapate ubaridi, hiyo ndiyo friji yao. Vitanda ni majani makavu ya misonobari. Vyombo wanaokota jalalani, wanavisugua mpaka vinang'aa, na Benny anajichagulia kikombe cha rangi ya waridi chenye ufa, hataki kingine. Henry anapata kibarua kwa daktari mmoja mjini. Wakipunguza mboga bustanini anaomba zile changa zilizong'olewa, karoti na vitunguu, Jessie anazipika mchuzi na nyama. Tulipofika hapo kitinda mimba wetu akanyanyuka kwenda kuuliza jikoni kama kuna karoti. Tangu siku hiyo chai yake lazima iwe kwenye kikombe cha bati kilichobanduka rangi, na mtu mwingine akikigusa ni ugomvi.

Swali lililonishinda lilitoka kwa mpwa wangu wa kike: "Shangazi, kwani hawa hawana hata mjomba? Hata mama mdogo?" Nikajibu kwamba kitabu hakisemi. Hakuridhika, na kusema kweli hata mimi sikuridhika. Huku kwetu watoto wanne wasingemaliza wiki msituni kabla jirani hajatuma salamu kwa ukoo mzima. Akaongeza jingine: mbona Henry ndiye anayetoka kutafuta hela na Jessie yuko kwenye sufuria kila siku? Hapo nilikubaliana naye moja kwa moja. Kitabu ni cha zamani na uzee wake unaonekana hapo.

(Usiyetaka kujua mwisho, ruka aya hii.) Violet anaugua, daktari anawachukua kwake, na babu anajitokeza. Kumbe ni mpole, tena tajiri. Shida zote zinayeyuka kwa kurasa chache. Mimi naona ni rahisi mno, na nyota moja nimeipunguza kwa ajili hiyo. Watoto walishangilia, hasa babu alipoagiza behewa lenyewe liletwe nyumbani kwake.

Nakala yangu ni ya mtumba, nilimlipa muuza vitabu wa mtaani shilingi elfu tatu. Gundi imekwisha na karatasi zilikuwa zinachomoka, nikazishona kwa uzi wa viatu. Ukikuta ya hivyo, ipekue kwanza uone kama kurasa zote zimo.

Warner aliandika vitabu 19 vya ndugu hawa, kisha waandishi wengine wakaendeleza. Vilivyofuata vimeelemea kwenye upelelezi, na hilo jambo la kujitengenezea kwao limepungua sana. Usianze na hivyo. Nyota nne kati ya tano, kwa mtoto wa miaka 8 hadi 12, na mkubwa akae karibu maana maswali yatakuwepo.