Inveta na betri ya lithiamu: uzoefu wangu wa miezi 14 nyumbani Kigamboni

Nyumbani kwangu Kigamboni, umbali mfupi tu kutoka ufukweni, ninatumia inveta ya wati 1,500, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama ule wa ukutani, pamoja na betri moja ya lithiamu ya volti 25.6 na ampea-saa 100, na tangu vifungwe imetimia miezi kumi na minne. Kwa vifaa, nyaya, swichi ya kubadilishia umeme na ujira wa fundi nilitumia takriban shilingi milioni mbili na nusu, ambazo kwa kaya kama yetu si fedha za kuchezea. Kabla ya hapo nilikwisha kupoteza karibu laki sita kwa mfumo mwingine ulionifaa miezi tisa tu, na kosa lilikuwa langu, kwa maana nilinunua kifaa kabla sijajua ni tatizo la namna gani ninalotaka kulitatua.

Kilichonisukuma kununua ule wa kwanza kilikuwa insulini ya mama mkwe, ambaye alihamia kwetu akiwa na chupa za miezi miwili. Chupa ambazo hazijafunguliwa zinatakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, bila kugandishwa, na friji yetu ilikuwa ikizimika mara kwa mara wakati wa joto. Nilikwenda dukani nikaelezwa kwamba inveta ndogo na betri ya gari vitatosha kabisa. Muuzaji alinihakikishia: «Mama, hii inabeba nyumba nzima.» Haikubeba hata friji. Kompresa ya friji inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa kuliko wati zilizoandikwa nyuma yake, na inveta ile ilikuwa ikilia kidogo kisha inajizima. Feni nazo zilivuma kama nyuki, kwa sababu umeme uliotoka humo haukuwa wa wimbi laini kama ule wa gridi bali wa ngazi ngazi. Betri yenyewe ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya kuwasha injini, yaani kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache, nasi tukawa tunaikamua usiku kucha mpaka tone la mwisho. Kwa hiyo ilikufa, na haikuwa na sababu ya kutokufa.

Baada ya hasara hiyo nilianza kuandika kwenye daftari la shule kila umeme ulipokatika: saa uliyoondoka, saa uliyorudi, hali ya hewa, na iwapo taa za majirani zilikuwa zinawaka au la. Nilifanya hivyo kwa miezi minne. Ninaweza kusema bila kusita kwamba daftari hilo la shilingi elfu moja lilinifaa kuliko ushauri wowote niliopewa dukani, kwa sababu lilinionyesha kwamba kile tunachokiita kwa jina moja, kukatika kwa umeme, ni mambo manne au matano yasiyofanana hata kidogo.

Kuna kukatika ambako nusu ya mtaa ina giza na nusu nyingine inaangalia televisheni. Njia inayopita mtaani ina nyaya tatu za moto, yaani fezi tatu, pamoja na waya wa nyutro, na nyumba zimegawanywa katika fezi hizo. Fyuzi moja ya transfoma ikiungua, walio kwenye fezi hiyo peke yao hukosa umeme mpaka mafundi wafike. Kwetu hali hii ilitokea zaidi jioni, kati ya saa moja na saa nne usiku, wakati kila nyumba imewasha feni, pasi na majiko, na transfoma iliyofungwa zamani kwa ajili ya nyumba chache sasa inahudumia pia wapangaji wa vyumba vilivyojengwa baadaye. Kuna kukatika kwa mvua na upepo, ambako tawi la mwembe huangukia nyaya. Na kuna kule ambako sikukuelewa kwa muda mrefu, kunakotokea alfajiri tulivu ya kiangazi, bila mvua wala upepo. Fundi mmoja aliyekuwa akishughulikia nguzo iliyo mbele ya duka la mtaani ndiye aliyenieleza: chumvi inayoletwa na upepo wa bahari huganda kwenye vikombe vinavyoshikilia nyaya, mvua ya kuiosha haipo, na umande wa alfajiri unapoilowesha, umeme hupata njia ya kupita juu ya kikombe na laini nzima hujikata kwa usalama. Sisi tunaokaa karibu na bahari tunalipia upepo wake kwa namna nyingi, kuanzia mabati hadi hapo.

Kukatika kwa aina hizo, kwa daftari langu, mara nyingi hakukuzidi saa sita. Mgawo wa umeme ni jambo lingine, kwa sababu chanzo chake hakiko mtaani bali kwenye uzalishaji. Waliokuwa watu wazima mwaka 2006 wanakumbuka jinsi ukame ulivyopunguza maji katika Mtera na mabwawa mengine, kituo cha Kidatu chenye uwezo wa megawati 204 kisiweze kuzalisha kama kawaida, na nchi ikawa inagawana umeme kwa zamu; hali ikajirudia mwaka 2011 na tena mwishoni mwa 2023. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji ulipoanza kuzalisha Februari 2024, ukiwa mmoja kati ya mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, wengi tulidhani kwamba habari ya giza imekwisha. Lakini tarehe 1 Aprili mwaka huohuo hitilafu katika gridi ya taifa iliacha sehemu kubwa ya nchi bila umeme, kama ilivyotokea kwa majirani zetu Kenya usiku wa tarehe 25 Agosti 2023. Gridi inaweza kuanguka hata kama maji yamejaa: mtambo mkubwa au njia kuu ikitoka ghafla, mitambo iliyobaki hulemewa, mzunguko unaotakiwa kubaki kwenye hezi 50 hushuka, na vituo hujitoa kimoja baada ya kingine ili visiharibike. Kuzalisha umeme mwingi ni jambo moja, na kuufikisha nyumbani kwangu kupitia vituo vya kupoza, nguzo na vikombe vyenye chumvi ni jambo jingine.

Nilipokwenda kununua mara ya pili, kwa hiyo, nilikuwa na hesabu mkononi. Taa tano za wati 9 ni wati 45, feni mbili za wati 60 ni 120, televisheni 60, ruta ya intaneti 10, na friji, ukichukua wastani wa kuwaka na kupumzika, kama 50. Inveta yenyewe hula takriban wati 30 hata kama hakuna kilichowashwa, jambo ambalo hakuna muuzaji aliyewahi kunitajia. Jumla ni wati 315. Betri hii inahifadhi wati-saa 2,560, na ukitoa kinachopotea njiani na kile kinachobakizwa ili isiishe kabisa, unapata karibu 2,170. Ukigawanya, ni saa saba hivi. Tukizima televisheni na feni moja, na kubakiza taa mbili, tunafika saa kumi na mbili au kumi na tatu, na nimelithibitisha hilo mara tatu. Umeme ukirudi, betri hujaa kwa saa tano.

Kwa kazi niliyoinunulia, nimeridhika. Kuhama kutoka umeme wa gridi hadi wa betri hufanyika haraka kiasi kwamba televisheni haizimiki, feni hazivumi, na friji haijawahi kushindwa kuanza. Insulini haijaharibika hata chupa moja. Mama mkwe, ambaye hapo awali aliiona inveta kama anasa ya vijana, sasa ndiye anayewakumbusha wajukuu wasichomeke pasi wakati taa yake ya njano inawaka.

Malalamiko yangu ya kwanza ni juu ya ufungaji. Fundi niliyeletewa na duka aliunganisha nyumba nzima kwenye inveta, pamoja na soketi za jikoni, ingawa nilikuwa nimemwomba atenganishe. Wiki ya pili dada wa kazi alichomeka birika la wati 2,000, inveta ikapiga kelele na kujizima, tukabaki gizani huku mtaa mzima ukiwa gizani. Nilimlipa fundi mwingine ili atenge sakiti mbili, moja ya taa, feni, ruta na friji, na nyingine ya vifaa vizito ambavyo havigusi inveta kamwe; na huyohuyo ndiye aliyegundua kwamba swichi ya kubadilishia umeme ilikuwa imefungwa kwa namna ambayo umeme wa betri ungeweza kurudi kwenye laini ya nje. Hilo si kosa dogo, kwa maana fundi aliye juu ya nguzo anaamini kwamba waya anaoushika hauna umeme. Duka lilikataa kuwajibika, likisema udhamini wao wa miaka miwili ni wa kifaa na si wa kazi ya fundi waliyemleta wenyewe.

Pili, vifungio vya betri vilianza kushika kutu kabla ya mwezi wa sita. Sasa huvisafisha na kuvipaka grisi kila baada ya miezi miwili, na inveta nimeihamisha kutoka barazani hadi kwenye korido. Feni yake ya ndani ina kelele, hasa inapochaji, na sishauri ifungwe karibu na chumba cha kulala.

La tatu ni la kuchekesha, ingawa siku hiyo sikucheka. Usiku mmoja yuniti za Luku, yaani umeme tunaoulipia kabla ya kuutumia, ziliisha, inveta ikapokea kimyakimya, na kwa kuwa taa ziliendelea kuwaka hakuna aliyejua lolote. Tulipoamka saa kumi na moja alfajiri betri ilikuwa tupu, friji imezimika, na mtaa mzima una umeme isipokuwa sisi. Zamani giza ndilo lililotukumbusha kununua yuniti. Tangu hapo nimeacha taa moja ya ukumbini nje ya sakiti ya inveta. Ikizimika, ninajua kwamba umeme wa nje haupo, nami ninakwenda kwanza kuangalia mita kabla ya kuandika chochote kwenye kundi la WhatsApp la wateja wa eneo letu.

Inveta hii pia haikuniondolea hatari ya umeme unaporudi. Mwaka jana waya wa nyutro ulikatika nguzoni, na nyumba tatu za jirani zikapata volti nyingi kuliko 230 zinazotakiwa; mmoja aliunguza friji na redio, na taa zake zilikuwa zimeng’aa kupita kawaida dakika chache kabla. Kwetu kilinda friji cha shilingi elfu thelathini, kilichofungwa kati ya umeme wa nje na inveta, kilikata umeme mapema na kuokoa kila kitu. Kifaa hicho husubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme upite, muda ambao volti zinazopandashuka huwa zimetulia, na ningependa kila mwenye friji awe nacho hata kama hana mpango wa kununua inveta.

Pamoja na hayo, sijatupa vitu vya zamani. Chupa mbili za maji yaliyoganda zinakaa kwenye friza siku zote na huhamishwa chini kwenye friji kukiwa na kukatika kwa muda mrefu, na mtungi wa udongo upo kwa ajili ya chupa ya insulini inayotumika. Jenereta sikutaka, kwa sababu ya bei ya petroli na kwa sababu moshi wake una kaboni monoksidi, ambayo haina harufu na huua watu wanaowasha jenereta ndani au kwenye korido.

Kinachobaki ni kukatika kunakozidi siku moja. Transfoma yetu iliungua mwezi wa tisa wa matumizi haya, tukakaa saa 41 bila umeme, na betri ikaisha usiku wa kwanza pamoja na ubahili wetu wote. Inveta ina sehemu ya kupokea umeme wa jua, kwa hiyo ninanunua paneli mbili mwezi ujao, na fundi wa pili, si yule wa dukani, atakuja Jumamosi kupima paa.