Miezi saba kwenye kliniki ya pumu, Ujiji: uzoefu wangu

Nina pumu tangu darasa la tatu, na miaka yote hiyo hospitali kwangu ilikuwa mahali pa kukimbizwa usiku. Kifua kinabana, bodaboda inaitwa, nachomwa sindano au nawekewa mashine ya mvuke, asubuhi narudi nyumbani. Kuonana na tabibu nikiwa mzima? Sikuwahi. Jirani yangu mwenye presha ndiye aliyeniambia kwamba kwenye kliniki yao ya kila mwezi, hapo kituo cha afya, wanapokewa pia wenye pumu.

Tabibu hakuanza na dawa. Aliniuliza habari za wiki nne zilizopita: mchana nimebanwa mara ngapi kwa wiki, usiku nimeamshwa na kikohozi, pampu ya bluu, ile ya kuvuta dawa kifua kikibana, nimeivuta mara ngapi, na kifua kimenizuia kazi gani. Hilo la mwisho lilinigusa. Mimi nakamua mawese, na siku nyingi pipa la kuchemshia chikichi alikuwa analisimamia mdogo wangu. Nilishazoea hivyo, wala sikuhesabu kuwa ni ugonjwa.

Kisha akasema, "Dada, hebu nionyeshe unavyovuta." Miaka yote nilikuwa nabonyeza kwanza ndipo navuta, dawa inaishia kwenye ulimi. Akanielekeza: tikisa, toa pumzi, bana midomo, bonyeza huku unaanza kuvuta polepole, zuia pumzi ukihesabu hadi kumi. Kwa kuwa mkono na pumzi vilikuwa bado havipatani, muuguzi alichukua chupa ya maji ya nusu lita, akatoboa kitako chake tundu la kutosha mdomo wa pampu. Mimi navutia kwenye shingo ya chupa. Chupa ile, amini, imenisaidia kuliko sindano zote nilizochomwa.

Nikapewa na pampu ya kahawia. Ya bluu inafungua njia ya hewa kwa muda tu. Ya kahawia inatuliza uvimbe wa ndani, na inavutwa asubuhi na jioni hata siku ambayo hujambo kabisa, kisha unasukutua mdomo usije ukaota utando mweupe. Mtaani tunaambiana pampu inazoesha. Nimeliamini neno hilo miaka mingi, na limeniumiza. Pia acheni kuelesha pampu kwenye maji kuona kama imeisha, haionyeshi ukweli. Yangu ya bluu ina mivuto 200, natia alama kwenye daftari.

Kasoro zipo. Ukifika baada ya saa mbili asubuhi utakaa hadi mchana. Mara mbili pampu ya kahawia haikuwepo dirishani, nikainunua duka la dawa kwa pesa yangu, na mara ya tatu pesa haikuwepo. Wiki hiyo ndiyo pekee niliyoamka usiku nikihema tangu nianze. Dawa ya kila siku haifai kukosekana, naomba wahusika walione hili.

Pipa tumelihamishia nyuma ya nyumba, upepo wa ziwa unakopeleka moshi mbali, na sasa nalisimamia mwenyewe. Ukienda, beba pampu zako zote, hata zilizokwisha, wataziangalia. Mwanangu wa pili naye ameanza kukohoa alfajiri. Kliniki ijayo naenda naye angali mzima.