Bomba la kulishia finchi: bomba lenyewe poa, kadi yake sasa!

Nyota tatu. Niko Ohio huku, mwezi wa 11 nikanunua lile bomba refu la kulishia finchi, hawa ndege wadogo jamii ya chiriku, lenye vitundu vyembamba vya mbegu za nija (hizi mbegu kumbe asili yake Ethiopia, zinapigwa moto kwanza ndo ziingie Marekani, zisije zikaota). Nikalitundika nyuma ya nyumba, siku tatu kimya, ya nne asubuhi wamejaa na kelele, ndo nikaelewa kwa nini mtu muongeaji anaitwa chiriku.

Shida ni ile kadi ya kutambulia ndege inayokuja ndani ya boksi. Goldifinchi wamemchora njano kali kama jezi ya Yanga, nikamsubiri wiki nzima, kumbe yuko hapo hapo anakula, ile njano ni ya dume wakati wa joto tu, baridi ikija anabadilisha manyoya anafifia, mabawa ndo yanabaki meusi yenye mistari myeupe. Halafu wale wekundu. Nilimpigia dada yangu Morogoro video najisifia nimepata papo finchi (purple finch), wapi, ni haus finchi (house finch) wa kawaida kabisa. Mwangalie ubavuni: akiwa na mistari ya kahawia huyo ni haus finchi, papo wekundu wake ni kama wa choya, umeenea kichwani mpaka mgongoni, na ubavu hauna hiyo mistari. Jike la papo lina mstari mweupe mnene juu ya jicho kama nyusi, la haus finchi uso mtupu. Kadi haina jike hata moja! App ya Merlin ya kutambua ndege, ya chuo kikuu cha Cornell, ndo iliniokoa, na ni ya bure.

Bomba nalo chini halina tundu la kutolea maji, mvua ikinyesha mbegu zinagandana kama ukoko, na kulifungua mpaka bisibisi. Siku moja akaja haus finchi jicho limevimba limefumba, ule ugonjwa wa macho wanaambukizana hapo hapo kwenye chakula, nikalishusha nikaliloweka kwenye jiki, moja kwa maji tisa, kisha likakaa ndani ya nyumba wiki mbili. Kabla ya kulirudisha nikalitoboa chini matundu mawili kwa msumari wa moto, sasa maji yanatoka.

Kadi nimempa mwanangu, nyuma yake anachora majike.