Mashua ya kukodi Malindi, kwa wanaopima mlango wa mto Sabaki

Msimamizi wa tasnifu akishakwambia "nenda ukapime mlango wa Sabaki", kinachoanza kukutoa jasho si milinganyo, ni chombo. Nasomea uzamili wa uhandisi wa mazingira, upande wa mwendo wa maji na matope, na Malindi ni kwetu. Boti hapa ziko tele: za kupeleka wageni kutazama matumbawe, za uvuvi wa spoti, za kutembeza maharusi. Boti ya mtu anayetaka kukaa pahali pamoja tangu alfajiri, akiteremsha chupa za kuchotea sampuli za maji na kuzipandisha, hiyo ni habari nyingine.

Ninayoizungumzia ni mashua ya mbao, mashine moja ya nyuma, nahodha mtu mzima na baharia wake mmoja. Mwenyewe hataki jina lake liwekwe mtandaoni, lakini ukifika bandarini ukaulizia mashua inayochukua watu wa chuo, utaonyeshwa. Nampa nyota nne kati ya tano.

Kwa wasioujua mto wenyewe: ukitoka nyanda za karibu na Nairobi huitwa Athi, ukishakutana na Tsavo huwa Galana, ukifika kwetu ni Sabaki, safari ya kilomita 390 hivi. Mvua zikipiga bara, udongo wa mashamba huteremka nao na ghuba yetu hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Kaskazi ikivuma matope huja kusini, upande wa mji na hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968. Kusi ikishika, huelekea kaskazini, Mambrui. Hilo kila mvuvi analijua. Chuo kinataka namba: kiasi gani, kwenye kina gani, kwa kasi gani.

Sasa sifa. Nahodha huyu huzima mashine bila kuambiwa. Mtu asiyefanya kazi hii ataona ni jambo dogo, lakini ndilo lililonifanya nirudi kwake. Chembe laini ya udongo, tuseme ya mikroni 10, yaani sehemu ya mia ya milimita, huzama kama sehemu ya kumi ya milimita kwa sekunde, ambayo ni mita nane hivi kwa siku nzima. Fomula aliitoa Stokes mwaka 1851 na mpaka leo tunaitumia. Lakini udongo wa mto ukikutana na chumvi, chembe hushikana zikawa mabonge mepesi, na bonge huzama upesi kuliko chembe iliyo peke yake. Rafadha ikivuruga maji, mabonge hupasuka. Ukichota hapo umepima mashine, hukupima bahari. Kabla yake nilikodi boti moja ya watalii, ambayo sitaitaja, na mwenye boti alikataa kabisa kuzima kwa kuwa "itasumbua kuwaka". Sampuli za siku ile nilizimwaga.

Huyu anaachia mashua iende na mkondo, baharia anashika kasia, chupa inateremka upande wa omo, mbali na tezi palipo na mashine. "Teremsha sasa, mwanangu, maji yamesimama," ananiambia, na nikitazama kipimo cha mkondo naona kweli kipepeo chake, kile kinachozungushwa na maji, kimelala.

Ana bildi pia, ile timazi ya kupimia kina. Ya risasi hasa, kamba yake imefungwa mafundo kwa pima. Mimi nilikuja na kipimo cha kina kinachotumia mwangwi, cha kuazima kutoka chuoni, na mbele ya mlango wa mto kikawa kinanipa vina visivyoeleweka, maana matope mazito yaliyotanda chini hurudisha sauti kana kwamba ndiyo sakafu. Bildi ikapita humo ikaenda kutua chini zaidi. Nahodha hakucheka, lakini baharia alicheka.

Jambo jingine nililojifunza kwenye kamba hiyo hiyo: maji yakianza kujaa, kamba huinama mara mbili. Juu inavutwa kwenda baharini, chini inavutwa kuelekea mtoni. Maji matamu ni mepesi, hupanda mgongoni mwa maji ya chumvi na kutoka nje, huku bahari ikipenya chini yake. Darasani tulikesha na namba ya Richardson, inayolinganisha nguvu ya tabaka kukaa mbalimbali na nguvu ya mikondo kuzikoroga. Ikizidi robo, tabaka hazichanganyiki kwa urahisi. Nilikuwa nimeikokotoa karatasini mara nyingi. Kuiona kwenye kamba ya katani ilinipa hamu ya kurudi kwenye hesabu, na sisemi hivyo kwa kila kitu cha chuoni.

Anajua pia kukataa. Maji yakipwa haingii mlangoni, hata umwongeze pesa, kwa sababu ya mafungu ya mchanga na mawimbi yanayovunjika juu yake. Na ndani kuna viboko. Kwa vituo vya ndani ya mto alinielekeza niende kwa miguu ukingoni na mtu wa huko huko. Ushauri mzuri, ingawa yeye hakupata chochote kwa huo.

Nyota iliyopungua inatokana na bei, na kwa sehemu si kosa lake. Hukodisha kwa nusu siku, shilingi 9,000 nilipokwenda, mafuta juu yako. Lakini vipimo vya mlango wa mto havina maana ukivikata katikati. Ni lazima ufuate maji tangu kujaa hadi kujaa tena, muda wa saa 12 na dakika 25, la sivyo utasema mto unatoa matope mengi kumbe ulipima wakati wa kupwa tu. Nusu siku yake ni saa sita. Kwa hiyo unalipa nusu siku mbili, na zile dakika za juu zinageuka mjadala giza likikaribia. Patana naye mapema kwa "maji mazima", kiasi kimoja, na umtajie siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, unazozitaka, kwa kuwa zote mbili utazihitaji. Wakati wa bamvua hapa maji hupanda na kushuka karibu mita tatu na mkondo huwa mkali. Atataka mtu wa tatu wa kusaidia nanga, na ana haki.

Laifujaketi zake zimechakaa. Njoo na yako. Kivuli ni turubai linalopigapiga usoni. Choo hakuna, dada zangu, kwa saa 12 hilo si dogo, jipangeni na muulize mapema kama mnaweza kushushwa ufuoni saa za mchana. Mimi alinishusha bila maneno.

Na risiti! Anaandika kwenye karatasi ya daftari, kwa mwandiko mzuri kabisa, na ofisi ya fedha ya chuoni kwetu haitaki kuiona. Nililipa kwa M-Pesa nikachapisha taarifa, nikaambatanisha barua ya msimamizi, na bado pesa ya mafuta haijarudi. Kama ufadhili wako unadai risiti ya kodi, jua hilo kabla hujatia mguu chomboni.

Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, uwe nacho mkononi, na ukitaka kuchota ndani ya hifadhi ya bahari omba ruhusa yake mbali. Nahodha atakuuliza karatasi kabla ya kung'oa nanga, wala hasikilizi "zinakuja".

Mpigie wiki moja kabla. Ijumaa hatoki mpaka baada ya sala, na mwezi wa Ramadhani hachukui kazi ya maji mazima, nusu siku tu.