Mlima Haguro: ngazi 2,446 na magoti yangu

Jamani nimetoka Haguro, mkoa wa Yamagata huko Japani, mapaja bado yanawaka moto ila ngoja niandike kabla sijasahau. Kuna barabara ya kulipia inafika mpaka juu, gari linakushusha karibu kabisa na hekalu, wenzangu wawili wakapita huko. Mi nikasema hapana nimekuja kupanda. Ngazi za mawe 2,446, watu wamezihesabu, si utani.

Sasa kinachokuzuga ni kwamba ukipita lile geti la kwanza hupandi, unashuka! Unashuka mpaka mtoni, unavuka daraja jekundu, halafu mierezi inakumeza, miti mirefu ya miaka mia tatu mia nne na zaidi, mmoja wanauita Babu eti umepita elfu moja. Karibu yake ndo kuna mnara wa mbao wa ghorofa tano, mita 29, haujapakwa rangi hata tone, umesimama kimya msituni. Huo asili yake wa Kibudha, maana zamani Ubudha na Ushinto (dini ya jadi ya Wajapani) vilikuwa vimechanganyika pale hadi serikali ya Meiji, ya karne ya 19, ikavitenganisha na majengo mengi ya Kibudha yakavunjwa, huu ukapona. Nilikaa pale kama nusu saa, sikupiga hata picha nyingi.

Baada ya hapo ndo kazi. Mwinuko wa pili wa ngazi nilitukana kimoyomoyo (Mungu anisamehe, na miungu yao pia). Bahati kuna kibanda cha chai katikati, nikala mochi, yale madonge ya wali uliotwangwa, pumzi ikarudi. Wanasema kuna michoro 33 imechongwa kwenye ngazi, ukiiona yote ombi lako linajibiwa, mi niliona miwili tu basi.

Juu kuna hekalu lenye paa la nyasi, unene wake unazidi mita 2 aisee. Linabeba miungu ya milima yote mitatu, Haguro, Gassan na Yudono, kwa sababu ile miwili theluji inaifunga, kwa hiyo ukisali hapa umesali kote.

Wenzangu nikawakuta wanakula aiskrimu, wananiuliza mnara gani?

Nyota nne. Moja nimekata kwa ajili ya mabasi, yanapita kwa kuhesabu, la kurudi mjini Tsuruoka nililiona kisogo. Na msivae raba zilizoisha soli kama mimi, ule ukoga wa kwenye mawe unateleza kama sabuni.