Uzoefu wangu wa kufuta seva za gemu kwa Pterodactyl

Kwa kuunda na kuendesha seva za gemu, Pterodactyl, paneli ya wavuti ya kusimamia seva hizo, naipa alama za juu bila kusita. Kwenye kufuta naiamini kwa masharti, maana huko hakuna pipa la taka. Faili zikishatoka kwenye nodi (mashine inayobeba seva), paneli haina njia ya kuzirudisha, na kabla ya kufuta haikutaki uandike jina la seva. Unathibitisha kwa kubofya tu, basi imeisha.

Ukurasa wa msimamizi una vitufe viwili vya kufuta. Cha kwanza ni cha usalama: paneli inaiagiza Wings, programu inayokaa kwenye nodi na kusimamia kontena za Docker (kila seva ya gemu huendeshwa ndani ya kontena yake), iondoe kontena pamoja na faili. Wings isipojibu au ikirudisha kosa (isipokuwa 404, yaani haina seva hiyo), kazi inakatishwa na seva inabaki kwenye orodha. Cha pili kinafuta kwa nguvu, na rekodi inaondoka hata kama Wings imezimika. Ni rahisi kudhani kwamba kitufe cha kwanza kinalinda data yako. Hakilindi. Kinachohakikisha ni kwamba nodi haibaki na kitu ambacho paneli haikijui. Dunia ya wachezaji, mipangilio na hifadhidata vinafutika vilevile.

Tena hata uhakika huo una mpaka wake. Paneli inaanza na Wings, inafuata hifadhidata, mwisho rekodi. Ikiwa MySQL inayobeba hifadhidata za seva haifikiki, hatua ya pili inagoma, unaona kosa na seva bado iko kwenye orodha. Usidhani haijaguswa, kwa sababu faili zake zimeshaanza kufutwa. Ndiyo maana napima kwanza kama hifadhidata inafikika, ndipo naenda kwenye kitufe.

Maandalizi yenyewe hayana ujanja. Zima seva kabisa, kisha tengeneza bakapu. Ukiitengeneza gemu likiwa linaandika, unaweza kupata dunia iliyokatika katikati. Angalia kama kuna faili la .pteroignore, kwa sababu kilichotajwa humo huenda kisiingie kwenye bakapu, na paneli itaonyesha imefanikiwa bila kukuonya. Pakua bakapu uiweke nje ya nodi, endesha sha1sum (amri inayokokotoa alama ya kipekee ya faili), ulinganishe na namba inayoonyeshwa na paneli. Kisha ifungue uone faili za dunia zimo. Kwa Minecraft tafuta folda ya region yenye faili za .mca. Hifadhidata haimo kwenye bakapu hiyo. Itoe kando kwa mysqldump.

Hayo yakikamilika, isimamishe seva (Suspend) kupitia paneli, uiache siku saba. Wachezaji hawataweza kuingia, lakini hakuna kilichopotea, na mwenye kulalamika atajitokeza ndani ya muda huo. Zingatia mpangilio: seva ikishasimamishwa ukurasa wake wa kawaida unafungwa, hivyo bakapu itangulie.

Kwa anayefuta kwa skripti, njia ni ombi la API la DELETE /api/application/servers/ ikifuatwa na ID ya namba. Ule utambulisho mfupi wa herufi nane unaouona kwenye anwani ya kivinjari haufanyi kazi hapa. Skripti yangu inasoma kwanza taarifa za seva kwa ID hiyo, inalinganisha jina na UUID (utambulisho mrefu wa seva) na vilivyo kwenye orodha niliyoiidhinisha, na inaendelea tu ikiwa vyote viwili vinafanana na seva tayari imesimamishwa. Orodha ya seva inakuja kwa kurasa, 50 kwa kila ukurasa usipobadilisha, kwa hiyo skripti isiyogeuza kurasa inaona sehemu tu. Jibu la 204 maana yake ombi limekubaliwa. Diski inaweza kuchelewa kupungua, kwa sababu Wings inafuta faili kwa nyuma baada ya kuondoa kontena. Folda yenye faili nyingi ndogo inachukua muda. Usirudie ombi kwa kuwa tu nafasi ya diski inayoonyeshwa na amri ya df haijabadilika.

Njia yenye /force mwishoni sijaiweka kwenye skripti yoyote na sitaiweka. Kufuta kwa usalama kukigoma, kuna sababu inayotibika: Wings imezimika, cheti cha TLS kimeisha muda, au tokeni ya nodi imebadilika. Tibu hiyo. Ukilazimisha huku Wings imezimika, kontena haizimiki, maana inaendeshwa na Docker, si Wings. Gemu linaendelea kula RAM, wachezaji wanaendelea kucheza, ila paneli haijui tena kama seva hiyo ipo. Mbaya zaidi, paneli inahesabu poti kuwa huru na inaweza kuipa seva nyingine. Seva mpya inapowashwa, Docker inakataa kwa kuwa poti imeshakaliwa, na unabaki kutafuta kosa kwenye seva isiyo na kosa.

Nodi ikiwa imekufa kabisa na hairudi, hapo kulazimisha ni halali. Kama umelazimisha na nodi ikarudi, ingia kwenye nodi, endesha docker ps -a. Kontena hubeba UUID kamili ya seva. Linganisha majina hayo na folda za /var/lib/pterodactyl/volumes na UUID zilizo kwenye paneli. Isiyo na mwenyewe kwenye paneli, zima kontena, liondoe, kisha folda yake. Futa folda kwa kuandika UUID nzima, kamwe usitumie alama ya nyota. Kwenye MySQL tafuta hifadhidata zinazoanza na s na namba ya seva, mfano s17_, pamoja na mtumiaji wake anayeanza na u17_. Hizo nazo hubaki iwapo MySQL haikufikika wakati wa kulazimisha.