Gitaa la kwanza kwa mpenzi wa roki Mwanza: lipi ununue, lipi uliache dukani

Ukiwa Mwanza na bendi ya roki ya AC/DC imekukolea mpaka unataka kupiga mwenyewe, ushauri utakaoupata kwa kila mtu, kuanzia mpiga gitaa wa kwaya hadi muuza duka, ni mmoja: anza na gitaa kavu, la umeme litafuata. Sikubaliani nao. Gitaa kavu ni chombo kizuri, ila anayetaka roki akianza nalo anazunguka, na wengi wanakata tamaa kabla hawajasikia hata mara moja ile sauti iliyowafanya watoe hela.

Kabla hatujafika kwenye aina, kuna jambo linalozidi aina. Anayeacha gitaa mwezi wa kwanza husema vidole vinauma. Mara nyingi kosa si la vidole, ni nyuzi zilizokaa juu mno kutoka kwenye shingo. Nenda dukani na kadi zako za benki, na kama unayo moja, azima kwa wenzako. Kadi moja ina unene wa milimita 0.76. Zipange, kisha zipitishe chini ya uzi mnene kabisa, juu ya freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo; hesabu kutoka kichwani). Kwa gitaa la umeme, kadi tatu zikipita na nafasi ikabaki, nyuzi ziko juu. Kwa gitaa kavu mpaka ni kadi nne. Halafu shika shingo, funga jicho moja, uichungulie kutoka upande wa tumbo kuelekea kichwani kama fundi seremala anavyokagua ubao. Ikiwa imepinda kidogo tu, magitaa mengi yana chuma ndani ya shingo kinachorekebishwa kwa ufunguo wa L. Ikiwa imejisokota, rudisha na uage.

Nafasi ya kwanza: la umeme, lililotumika, daraja lake halitikisiki

Tafuta lenye pikapu (vinasa sauti vya sumaku vilivyo chini ya nyuzi) za koili mbili na daraja, yaani kipande kinachoshika nyuzi tumboni, lililofungwa palepale, bila ule mkono wa kutikisa. Angus Young wa AC/DC anapiga Gibson SG, na Epiphone, ambayo ni chapa ya Gibson hiyohiyo, hutengeneza SG za bei ya chini sana kuliko za mama yake. Pikapu ya koili mbili inapunguza ule mlio wa "zzzz" unaotoka kwenye umeme wa nyumba, na ukizingatia waya zilivyosukwa kwenye nyumba zetu nyingi za kupanga, hilo si jambo dogo. Yamaha Pacifica na Squier, ambayo ni ya Fender, nazo hazikuangushi; nyingi zina mkono wa kutikisa, lakini unaweza kuuchomoa ukausahau.

Usidanganywe na wingi wa vitufe. Malcolm Young, kaka yake Angus na ndiye aliyebeba ridhimu ya bendi ile tangu ilipoanza Sydney mwaka 1973, alipiga Gretsch aliyoing'oa pikapu akabakiza ile ya karibu na daraja. Mwanafunzi mwenye akili anamsikiliza Malcolm kwanza. Kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) za A, D, G na E zikipigwa kwa wakati wake, bila haraka, tayari ni nusu ya muziki wa AC/DC, na solo zitakusubiri. Wazee wa dansi hapa kwetu wanalijua hilo: anayepiga solo anashangiliwa, lakini mpiga ridhimu asipokuja, onyesho halipo.

Kwa nini nimelipa la umeme nafasi ya kwanza katika mji ambao umeme hukatika? Kwanza, nyuzi zake ni nyembamba na laini. Tony Iommi wa bendi ya Black Sabbath alikatika ncha za vidole viwili kiwandani Birmingham, na nyuzi nyembamba ndizo zilizomwezesha kuendelea kupiga. Wewe mwenye vidole kumi vizima utamudu. Pili, likiwa halijachomekwa linatoa sauti ya kukutosha wewe tu. Ukipanga chumba Mabatini au Igogo, ukuta mmoja na jirani, unaweza kufanya mazoezi saa nne usiku na mwenye nyumba asigonge mlango. Umeme ukikatika unaendelea tu. Ukirudi, chomeka.

Unapolikagua lililotumika, lichomeke hapohapo. Zungusha vitufe vyote: kikikwaruza kidogo ni vumbi, kikikata sauti ni kazi ya fundi, basi punguza bei. Tikisa jeki, pale waya unapochomekwa, polepole. Piga kila uzi kwenye kila freti. Inachosha, muuzaji atanuna, mwache anune. Mwisho, piga uzi mtupu, bila kuubonyeza, ukiwa na programu ya kutyuni kwenye simu, kisha bonyeza freti ya 12 upige tena. Noti lazima iwe ileile, juu oktava moja. Ikienda kando, kodi zako zitasikika mbovu hata ukizipiga vizuri.

Kuhusu jina lililoandikwa kichwani: ukikuta Gibson kwa bei ya Epiphone, hiyo si Gibson. Inaweza kuwa gitaa zuri tu, ila lipia gitaa, usilipie maandishi.

Pa kutafutia: makanisa yanayobadilisha vyombo, bendi za hotelini, na soko la Mlango Mmoja ukiwa na subira. Wengi huagiza Kariakoo likaja na basi. Sawa, lakini kwanza omba video ya muuzaji akipitisha zile kadi chini ya uzi, na mwambie alegeze nyuzi kabla ya kufunga mzigo.

Ampu (kikuza sauti cha gitaa), maana huwezi kuikwepa

Kuna vidude vidogo vinavyochomekwa kwenye gitaa lenyewe, unavaa hedifoni, vinatumia betri. Kwa chumba cha kupanga sioni kinachovizidi. Ukitaka spika, ampu ya wati 10 inatosha nyumba nzima na jirani juu. Kuchomeka gitaa moja kwa moja kwenye sabufa kutakuvunja moyo: sauti itatoka nyembamba na ya mbali, kwa sababu mawimbi ya gitaa ni dhaifu kuliko yanayotoka kwenye simu au deki.

Angalia nyuma ya ampu iliyotumika. Za kutoka Japani huandikwa volti 100, za Marekani 120. Kwetu ni 230. Bila transfoma utaisikia mara moja tu.

Nafasi ya pili: gitaa kavu la nyuzi za chuma

Kama bendi unayoipenda ina nyimbo nyingi za polepole, au unakaa kisiwani na umeme ni wa sola ya taa mbili, hili ndilo lako. Yamaha F310 ni chaguo la watu wengi na sina sababu ya kubishana nao. Kwenye yaliyotumika, chukua kipande cha karatasi ujaribu kukiingiza nyuma ya daraja. Kikipenya, gundi imeanza kuachia, na gitaa lililoachwa ndani ya gari juani linaachia haraka. John Lennon alianza na Gallotone, gitaa la bei poa lililotengenezwa Afrika Kusini, lenye kibandiko ndani kinachoahidi kwamba halitapasuka, kwa hiyo usione haya na la kwako.

Nafasi ya tatu: seti ya boksi moja

Gitaa, ampu, mkanda, piki (kile kidude cha kupigia nyuzi), vyote pamoja. Inarahisisha, ila ampu huwa ndiyo mahali walipobania. Inunue ikiwa huna mtu wa kukusindikiza kukagua.

Nafasi ya nne: nyuzi za nailoni

Laini kwa vidole, Yamaha C40 ni imara, lakini shingo yake ni pana na sauti yake haitakupeleka kwenye roki. Kwa mtoto wa miaka tisa, ndiyo.

Ya kuacha

Yale madogo ya rangi kali yanayotundikwa pamoja na mabegi ya shule. Hayashiki tyuni hata kwa wimbo mmoja.

Pesa ya pembeni isiende kwenye piki za fahari. Brian May wa Queen, bendi ya Freddie Mercury aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, anapiga kwa sarafu. Iende kwenye nyuzi. Kwa la umeme omba seti ambayo uzi wake mwembamba una unene wa inchi 0.009, kwa gitaa kavu 0.011 au 0.012, na uongeze uzi wa kwanza mmoja mmoja pembeni, kwani ule mwembamba ndio hukatika kabla ya zingine. Wa Ukerewe na Sengerema wachukue seti mbili palepale dukani.